Bwana Moto Hana Mikono

"Si mimi niliyempiga—"

"Nani basi, jirani?"

"—ni Bwana Moto! Mwalimu mwenyewe alisema—"

"Na Bwana Moto ndiye aliyevaa kandambili zako?"

"Ngoja nimalize!"

"Malizia kwenye hili jicho la pili, maana ulipoanzia panaonekana!"

Mwalimu alikaa katikati ya mume na mke hao. Kazi yake ni kutibu watu kwa masimulizi na kuwafundisha wengine kazi hiyohiyo. Mtu anasimulia maisha yake, mnalitoa tatizo nje yake, mnalipa jina, mnaliweka kwenye kiti cha plastiki na kulihoji kama shahidi. Woga alishakikalia kile kiti. Ulevi naye, hadi akaomba maji.

Huyu fundi wa kuchomelea mageti alikuja mara ya kwanza peke yake, akalalamika kwamba ana hasira. Mwalimu akazipa jina, Bwana Moto. Wanafunzi wake, waliokuwa wakifuatilia kikao kutoka chumba cha pili nyuma ya kioo, walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza Bwana Moto anafanya nini akifika nyumbani, hata Mwalimu, ambaye analipwa kufundisha watu kuuliza.

Leo fundi kaja na mkewe mwenye jicho lililovimba, na kisingizio kilichopigwa pasi kikanyooka. Pasi ilikuwa ya Mwalimu. Kikao kikiisha hivi, mama huyu anarudi nyumbani na mwanamume mwenye ruhusa ya mtaalamu. Mwalimu alilifikiria hilo, akamgeukia fundi.

"Kaka yangu," alisema, sauti nyembamba kama ya mtoto aliyevunja sahani, "lile zoezi nilikupa vibaya. Jina nalichukua."

"Unalichukuaje na ulinipa?"

"Bwana Moto ana mikono?"

Fundi akamkunjia uso.

"Bosi wako alipokutukana mbele ya wateja, Moto alikuwepo?"

"Alinijaa mpaka hapa." Akajigusa koo.

"Akampiga bosi?"

Fundi akasimama, kiti kikaanguka chali. Nyuma ya kioo kitu kikadondoka na mtu akasema "Mungu wangu." Mwalimu akautafuta mlango kwa macho. Ulikuwa nyuma ya mgongo wa fundi, na mgongo wa fundi uliuzidi mlango kwa upana. Akayapitia kichwani mafunzo yote aliyowahi kutoa, hakukumbuka hata sehemu moja inayoeleza pa kujificha.

"Mjibu," mkewe alisema. Hakuwa amesogea.

"Sikumpiga."

"Kwa nini?" mkewe aliuliza.

"Angenifukuza kazi."

"Na mimi ukaona sitakufanya kitu?"

Fundi akaitazama mikono yake, imejaa madoa ya cheche. Akaigeuza, akaigeuza tena, kama mtu anayekagua bidhaa aliyouziwa.

"Ni yangu," alisema.

Mwanafunzi yeyote nyuma ya kioo angedhani hapo ndipo pa kupumua. Mwalimu ndiyo kwanza jasho lilimtoka. Fundi hakuwa na Moto tena wa kumsingizia; alibaki mwenyewe, mkubwa, mikono yake mwenyewe, hatua moja kutoka kwa mkewe. Mtu wa hivyo anaweza kulia. Anaweza pia kuvunja meza.

"Leo hamlali nyumba moja," Mwalimu alisema haraka, kabla ujasiri haujamkimbia.

"Mimi na watoto twende wapi?" mkewe aliuliza. "Kwa mama ni chumba kimoja."

"Nyie hamwendi popote," fundi alisema. "Natoka mimi."

"Kwa nani? Kwa kaka yako? Si ndiye anayekuambia mwanamke lazima anyooshwe?"

Fundi akainama, akakiinua kiti kilichoanguka, akakisimamisha taratibu. Akakigusa mgongo kuhakikisha hakiyumbi. Kisha akamgeukia Mwalimu, macho mekundu.

"Mwalimu," alisema, "naomba leo nilale kwako."