Swali la Chumvi

...na bado hajafika kwenye chumvi, anazunguka tu, slaidi baada ya slaidi, sauti shwari kama ya msomaji wa utabiri wa hali ya hewa, huyu Mbishi, ndivyo tulivyomwita maabara enzi za uanafunzi wake maana angebishana hata na darubini, na leo amesimama mbele ya mkutano wa watu waliotoka pembe zote za dunia kuzungumzia msimbo wa jenetiki, nami mwalimu wake nimeketi huku nyuma ya ukumbi nikimwangalia akibomoa nyumba niliyoijenga tangu ujana, tofali moja moja, bila hata vumbi... maana nimeshikilia jambo moja tu maishani, kwamba yale maneno ya herufi tatu tatu yanayoiambia seli itengeneze protini gani yalipangwa kwa bahati nasibu, neno hili likaangukia asidi amino hii, lile likaangukia ile, yakaganda hivyo, uhai wote ukarithi, basi, na watu wakanipigia makofi kwenye kumbi kama hii, viti vilevile vya kuumiza mgongo, kiyoyozi kilekile kinachomlenga mtu kisogoni... "Si bahati nasibu tupu," anasema Mbishi, "baadhi ya maneno yanaivuta asidi yake yenyewe, hata pasipo seli," na jirani yangu mwenye kipara ananiinamia, "Huyu si wako?" namjibu ni wangu, "Anakumaliza," anasema, namwambia ngoja maswali... maana ninalo, nimelinoa kama kisu, atuambie kama alirudia jaribio bila ile chumvi aliyotia kwenye maji yake, maana huenda ndiyo inayoleta mvuto, najua hakurudia, muhtasari wake haukutaja popote, na wale watakaoamua kama kazi yake iendelee au ifungwe wako safu ya mbele, swali moja tu, kwa upole, hata sitainua sauti... mke wangu aliniona asubuhi nikikaza tai mbele ya kioo, akasema, "Uso huo si wa mtu anayekwenda kusikiliza," nikamwambia nakwenda kulinda sayansi, akacheka, "Ukubwa jaa, mzee wangu, leo jiandae kumwagiwa," nikachukua mkoba nikatoka, na Mbishi naye alikuwa na ulimi kama huo, siku moja nikifundisha ubaoni aliniuliza, "Mwalimu, tunajuaje kuwa ni bahati nasibu?" nikamwambia kwa sababu hatujaona sababu nyingine, wenzake wakacheka, yeye akabaki ameukazia macho ubao kana kwamba umemkopa maneno... mwenyekiti wa kikao anatazama saa, sasa hivi ataita maswali, mkono wangu huu hapa juu ya goti, uko tayari, na Mbishi anabadilisha slaidi, anakunywa maji. "Hapa ndipo panaponisumbua," anasema. "Wiki iliyopita tulirudia bila chumvi. Mvuto ukapungua, karibu upotee. Sijui kwa nini, na sitaki kujifanya najua." Kisha anaionyesha grafu yake, mbele ya wote, mbele ya safu ile ya mbele, mistari miwili, mmoja umepanda, mwingine umelala kama mgonjwa, na jirani yangu anaguna, na mimi ninatafuta kisu changu kiunoni... amenipokonya, amejichoma mwenyewe na bado amesimama, na kitu cha ajabu ni kwamba sisikii uchungu, natazama ule mstari uliolala, haukulala wote, pale mwishoni unainuka kidogo, kwenye asidi moja tu, kwa nini hiyo peke yake, kama zingekuwa kelele za vipimo usingeinuka mahali pamoja tu, ungerukaruka kote, na kama ni bahati nasibu yangu usingeinuka kabisa... labda chumvi haileti mvuto, labda inaushikilia tu usitawanyike, au labda sivyo, sijui, kweli sijui, nimekaa miaka mingi nikiuliza maswali ambayo majibu yake ninayo mfukoni, nilisahau utamu wa kukosa jibu... "Maswali?" anaita mwenyekiti, na mikono inapanda huku na huku ukumbini, wa jirani yangu, wa wale wa mbele, na wangu pia umekwishapanda, sikumbuki kuuinua, Mbishi ameuona, naona mabega yake yakikaza, anajiandaa kwa mwalimu wake, na mimi nangoja zamu yangu, moyo unanidunda kama wa mwanafunzi, ninataka tu kumuuliza ule mstari unainuka kwa nini.