Kiti cha Baba Hakitazami Kioo

Katika saluni ya baba, kiti cha wateja kinatazama ukuta. Hakuna aonaye kioo mpaka kazi iishe, ndipo baba humzungusha mteja ghafla, akamtazama usoni. "Mdomo una adabu," husema. "Uso hauna." Ukisema safi huku umekunja uso, anakunyoa upya.

Siku hiyo kitini nilikuwa mimi, kompyuta mapajani, nywele zikiniangukia kwenye vibonye. Vyuo vikuu viwili vilikuwa vimenikubali kusoma sayansi ya kompyuta, na mwisho wa kuthibitisha ulikuwa jioni ileile. Nyumbani tulivibandika majina. Kikongwe kilikuwa jirani, chuo chenye sifa ambazo hata mbuzi wa mtaani wanazijua. Kichanga kilikuwa mbali, kipya, kuta zake bado zikinuka rangi. Nilishautangazia mtaa mzima kuwa naenda Kikongwe. Nilitangaza kwa vina, tena kwa sauti. Na mimi si mtu wa kutema mate nikayalamba.

"Sasa unahangaika nini?" aliuliza fundi viatu, rafiki wa baba, aliyekuwa akingoja zamu yake kwenye benchi. "Si ulishatuimbia?"

"Nataka uhakika, mzee. Nimeandika programu. Inapima sifa, walimu, maabara, umbali, kila kitu kwa uzito wake. Halafu inatoa jibu."

"Na siku ya kuoa utaiuliza hiyohiyo?"

"Kwanza apatikane wa kumkubali," alidakia dada yangu, akifagia nywele.

Nikawapuuza, nikabonyeza. Kikongwe, tena kwa mbali sana.

"Hongera!" alisema baba, mashine ikinguruma kisogoni mwangu.

"Ngoja kwanza. Umbali nimeupa uzito kupita kiasi." Nikaupunguza. Kikongwe. "Sifa nazo hazimfundishi mtu." Nikazipunguza. Kikongwe. Nikaongeza maabara. Kikongwe, king'ang'anizi kama kupe!

"Programu hii ina kasoro," nikafoka.

"Ina kasoro, au imekataa rushwa?" dada akauliza.

Fundi viatu akacheka mpaka akashika mbavu. Damu ikanichemka.

"Mnajua nini nyinyi? Huko Kikongwe mwaka wa kwanza hugusi kompyuta, mnajazana ukumbini kama maharage guniani! Lakini Kichanga! Siku ya wageni, taa za darasa ziliendeshwa na programu ya wanafunzi. Zikazimika. Nikaomba niione. Nikakuta wamejumlisha mahali pa kutoa. Mwalimu akaniambia, haya, rekebisha mwenyewe. Mimi, mgeni! Nikarekebisha, taa zikawaka pu! Darasa zima likashangilia, wakanibeba, nusura wanigongeshe dari—"

Kiti kikazunguka.

Baba alikuwa amemaliza. Kiooni nikakutana na kijana mmoja, meno yote nje, macho yanawaka, mikono hewani kama bado amebebwa. Mara zote nilizoyaghani yale mashairi ya Kikongwe, nikijitazama kwenye kioo cha chumbani, kijana huyu sikuwahi kumwona. Yule wa chumbani alikuwa na kidevu juu na sura ya mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Baba alikung'uta shuka, akanitazama usoni, akangoja, kama anavyomngoja kila mteja.

"Nirudie?"

"Usiguse hata unywele, baba."

Nikaifunga programu. Nikafungua ukurasa wa Kichanga, nikathibitisha nafasi yangu. Dada akatupa ufagio, akapiga kigelegele kilichowatoa majirani milangoni. Baba akazima mashine ili anikumbatie kwa mikono miwili, na shati langu likajaa nywele zangu mwenyewe.

"Na yale mashairi ya Kikongwe?" fundi viatu akauliza, akikaa kitini. "Mtaa mzima tumeyakariri!"

"Yasahauni. Natunga mapya, makali kuliko yale."

"Lini?"

"Sasa hivi." Nikakohoa, nikasimama katikati ya chumba.

"Ndugu yangu," fundi viatu akamlilia baba, "niwekee pamba masikioni kabla hujaanza kunyoa."

Baba akacheka, akamgeuzia kiti ukutani.