Alama za Gus

Gus, mbwa wa Verna, alikuwa na miaka kumi na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukojoa ndani hata tone. Sasa, tangu theluji ya kwanza ianguke, alikuwa ameshalowesha mlango wa kutokea gereji, kona ya jokofu, kiti cha marehemu Arvid, na juzi, bila haya, ubavu wa kitanda. Wala hakukojoa kama mbwa aliyebanwa. Aliinua mguu kwa makini, akatoa matone machache, kisha akamtazama Verna usoni.

Verna Lindqvist, mjane wa Arvid, mwenye miaka sabini na mitatu, alipigana vita hivyo kwa ndoo na amonia ya kusafishia. Alisugua mpaka machozi yakamtoka. Hakujua kwamba kwenye pua ya mbwa amonia inanuka mkojo wa dume mwingine, kwa hiyo kila alipofuta, Gus aliona ni wajibu wake kurudia. Daktari wa mifugo ndiye aliyemfumbua macho.

"Mkojo wake nimeupima, hauna tatizo. Figo nzima, kibofu kizima," daktari alisema. "Huyu mzee mwenzetu haumwi, mama. Anaweka alama. Kuna mgeni nyumbani? Mbwa mpya? Mwanamume?"

"Mwanamume!" Verna akacheka. "Labda unitafutie wewe."

Daktari alimpa dawa nyingine ya kufutia, na tochi ndogo ya mwanga wa zambarau inayoonyesha hata mkojo uliokauka. Verna aliitia mkobani, akaisahau.

Kusahau huko ndiko kulikomtia hofu binti yake. Karla alikuja Jumapili, akaziba pua tangu mlangoni.

"Mama, nyumba inanuka kama choo cha kituo cha mafuta."

"Acha kuongeza chumvi."

"Na biskuti ziko wapi? Nilikuletea pakiti tatu wiki iliyopita."

Verna alitazama kabati tupu. Hakukumbuka kuzila. Hakukumbuka pia kuacha kikombe kwenye sinki, wala kuulaza nyuma mgongo wa kiti cha Arvid, ambacho hakukikalia tangu mazishi. Lakini kukiri hayo mbele ya Karla kulikuwa sawa na kujifungia mizigo mwenyewe kwenda nyumba ya wazee.

"Gus kazila," alisema. "Siku hizi anafungua makabati."

"Anakojoa, anaiba. Basi aondoke. Yeye au wewe, Mama. Sitakuacha uishi kwenye uvundo huu."

Verna alikaa kimya, na kimya chake Karla alikichukua kuwa ndiyo. Gus alilala miguuni pake, kidevu juu ya ndara.

Alhamisi mchana Karla alikuja kumpeleka Gus kwa daktari. Alitumia gari la mama yake, maana viti vya lake vilikuwa vipya. Mlangoni pa gereji Gus alikaza miguu, akaguna, akainua mguu mara ya mwisho.

"Unaona?" Karla akasema huku akivuta kamba. "Mpaka dakika ya mwisho, kiburi tu!"

Kila Jumanne na Alhamisi Verna alikwenda kanisani kushona mablanketi na wajane wenzake, Gus akiwa chini ya meza. Leo hakuwa na gari wala moyo wa kwenda. Alikaa jikoni, akalia kwa sauti, kwa kuwa hakuna wa kumsikia. Alipochoka kulia akaona afadhali afanye kazi. Akaitoa ile tochi, akafunga mapazia, akaiwasha.

Alama ziling'aa rangi ya manjano hafifu, nyingi kuliko alivyodhani. Hazikuwa ovyo ovyo. Zilianza mlangoni pa gereji, zikaenda kwenye jokofu, zikaenda kwenye kabati la biskuti, zikazunguka kiti cha Arvid pande zote. Zikaingia chooni. Zikaishia chumbani, upande wa kitanda alikokuwa akilala Arvid, ambako Verna mwenyewe hakuwahi kulala hata usiku mmoja.

Verna alizirudia kwa macho, moja moja. Ile ilikuwa njia ya mtu. Mtu aliyeingia, akafungua jokofu, akala, akakaa, akajinyoosha kitandani. Akakumbuka jinsi Gus alivyoinamisha pua mlangoni pa gereji kila waliporudi kutoka kanisani, na ndipo alipoanza kuinua mguu. Jumanne na Alhamisi. Siku nyingine alirudia tu alama zilizofutwa.

Gereji ilifunguka kwa tarakimu nne. Arvid alikuwa amewapa namba hiyo nusu ya mji, ili mwenye shida ya mashine ya kusukumia theluji aje aichukue bila kubisha. Ndivyo majirani wanavyoishi huku, na kubadilisha namba ni kuwatemea mate usoni. Arvid alikuwa na miaka minne kaburini, na namba ilikuwa ileile, tarehe ya harusi yao.

Alimpigia Karla.

"Mrudishe! Karla, mrudishe Gus, hakuwa na kosa. Kuna mtu anaingia humu..."

"Mama." Karla alikuwa analia. "Mama, daktari ameshamdunga sindano. Amelala, haamki tena. Hakuumia. Nilimshika kichwa."

Verna aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Kuhusu biskuti zile, ni yeye aliyemsingizia Gus kwa mdomo wake mwenyewe. Alitaka kumwambia Karla hivyo, lakini chini kule mota ya gereji ilianza kunguruma, mlango ukipanda taratibu.

"Umeshafika?" alinong'ona.

"Nipo bado kwa daktari. Kwa nini, Mama?"

Mbele ya nyumba hapakuwa na gari. Ilikuwa Alhamisi. Mtu yeyote aliyepita angedhani kwamba Verna Lindqvist na mbwa wake wako kanisani. Alizima tochi, na bila kutaka akajikuta anasubiri Gus abweke.

Mlango wa ndani ulifunguka. Mtu alipangusa theluji viatuni kwenye zulia, mguu huu kisha ule, bila haraka, kama mwenye nyumba.