Kodi Haijapanda

Mjinga siku hiyo alikuwa seremala, na mwenyewe hakatai. Alipima chumba cha shangazi yake jioni ya mwisho wa mwezi, akapeleka kitanda karakanani kukipunguza, akakirudisha kesho yake asubuhi akipiga mluzi. Hata watoto wanaotambaa katika nyumba ile walijua kwamba chumba hupimwa baada ya kuta kutulia. Usiku zilikuwa zimesogea shubiri nzima. Kitanda kikakwama kati ya ukuta na cherehani, miguu juu, kama mbuzi aliyegoma.

"Umekikatia chumba cha jana," shangazi alimwambia. "Hongera, fundi."

Kuta zilianza kutembea tangu sheria ilipokataza kupandisha kodi. Mwenye nyumba hakupandisha hata senti. Ila kila mwezi ulipokwisha vyumba vilipungua kidogo, bila kelele, na rangi haikupata hata ufa. Wapangaji walizoea. Waliuza makabati, wakatundika viti ukutani, na mume na mke wa chumba cha pili wakawa wanavaa nguo kwa zamu. Seremala alipata kazi tele ya kukata meza za watu, akanenepa, jambo ambalo katika nyumba ile lilionekana ni utovu wa adabu.

Kwa shangazi hapakuwa na cha kukata tena. Kitandani alikuwa analala magoti yakigusa kidevu. Cherehani ndiyo iliyomlisha, nayo haikatwi. Kimojawapo kilipaswa kutoka kabla mlango haujagoma kufunguka.

Ndipo alipoingia mwenye nyumba, ubavu ubavu, na nyuma yake ofisa wa baraza la kodi, ambaye shangazi alikuwa amemwita aje asikilize malalamiko. Wakasimama wanne, wakipumua kwa kupokezana.

"Kodi imepanda?" ofisa aliuliza.

"Haijapanda. Ukuta ndio umenijia."

"Mama, sheria inazungumzia kodi. Kuta haizitaji popote."

"Na mimi nile wapi?" mwenye nyumba alidakia, kitambi kikiwa kimeegemea mgongo wa ofisa. "Saruji imepanda. Mabati yamepanda. Fundi bomba ananitoza kama daktari wa moyo. Mmeshanifunga mikono, sasa mnataka niwashikie na kuta?"

Ukuta wa dirishani, ambao ulikuwa haujamaliza safari yake, ulisogea kidogo ukaibana tai ya ofisa. Ofisa aliichomoa taratibu, akainyoosha.

"Shangazi, twende mahakamani," seremala alinong'ona, ingawa mle ndani mnong'ono ulimfikia kila mtu.

"Na hukumu ikichelewa, nitaisubiri nimesimama? Acha maneno, shika huku."

Hakuonyesha cherehani. Alishika kitanda. Wakakivuta, wakakigeuza, mwenye nyumba akainamisha kichwa kukipisha, na seremala akakitoa hadi ukumbini, akakisimamisha pamoja na vitanda vya majirani. Aliporudi, shangazi alikuwa anapangusa kiti kilichobaki.

"Utalala wapi sasa?" seremala alimuuliza.

"Hapa hapa. Kichwa nitakilaza juu ya mashine."

"Si mnaona?" mwenye nyumba alisema, akinyoosha mkono mmoja kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Nafasi ipo! Watu wa siku hizi ni kulalamika tu."

Ofisa alitazama huku na huku, na kwa kweli hakulazimika kugeuza shingo sana.

"Basi, mama, shauri limekwisha," alisema. "Kwa mujibu wa sheria chumba ni kuta nne na paa, na vyote ninaviona hapa."

Shangazi alikaa, akaulamba ncha uzi mweupe, akaupitisha kwenye tundu la sindano bila kumwangalia.

"Hata jeneza lina kuta nne na paa, mwanangu," alisema, "na anayelala humo hadaiwi kodi."