Chapa Yangu Shingoni mwa Ekseli

Lokiru alimpiga Kuany kwa fimbo ya kuchungia mpaka ikavunjika, kisha akaanza kumpiga mateke. Ilikuwa siku ya tatu tangu amzike binti yake Akoru, aliyekuwa amekaa juu ya mizigo wakati gurudumu la trela lilipong'oka, trela ikapinduka na kumlalia. Wanawe wawili walimkandamiza Kuany mlangoni mwa karakana yake, kambini Kakuma, damu ikimtoka puani.

Mimi, fundi wa chuma, waliniita kutoka Lodwar nije nitoe ushahidi. Trela ile ilikuwa na ekseli mbili, vyuma vya kushikia magurudumu: moja niliikereza mimi kwa mashine, nyingine Kuany. Mkononi walinitia kipande cha ekseli iliyokatika, cheusi kwa grisi, nao walikuwa wameshaamua ni cha nani.

"Longor, wewe ni mtu yetu," Lokiru alisema akihema. "Wewe najua chuma. Sema tu ni yake, nimalize."

Kusema kweli, nilitaka kiwe chake. Mkimbizi huyu alinikera miaka mingi. Mimi ekseli naimaliza asubuhi moja, kona ya shingoni, pale chuma kinapopungua unene, naiacha kali, mikwaruzo ya mashine naiacha hivyo hivyo, maana nani ataiona ndani ya gurudumu? Yeye hukereza polepole, kona huiviringa, kisha huisugua kwa msasa mpaka ing'ae. Nilimcheka nikamwambia anapamba bibi harusi. Akanijibu, "Chuma inachoka, kaka. Pale imekwaruzwa ndio inaanza kupasuka, kidogo kidogo." Sikumsikiliza. Tena mimi hupiga chapa yangu pale pale shingoni kwa tindo, mistari mitatu, ile ile waliyochomwa ngamia wa baba yangu, ili watu waijue kazi ya Longor.

Nikapangusa grisi. Ufa ulikuwa umeanzia ukingoni, ukatambaa miezi kadhaa hadi ukashika kutu, na sehemu iliyobaki ilikatika kwa mpigo mmoja, bado nyeupe. Pale ulipoanzia palikuwa na mistari mitatu ya tindo, chapa yangu. Nikaiziba kwa kidole gumba.

Lokiru alidhani kimya changu ni jibu. Akauvuta mkono wa kulia wa Kuany hadi juu ya fuawe, akachukua nyundo, akapiga. Nilisikia vidole vikivunjika. Kuany alilia akimwita mama yake, nami nikaona aibu.

Nyundo ilipoinuka tena nikasema, "Wacha. Hii ni yangu." Nikaondoa kidole.

Lokiru aliipapasa ile chapa. "Hii ni ngamia ya baba yako," alisema. "Uliona saa gani? Mbele ya mimi kupiga, ama nyuma?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, nikaumeza. "Mbele ya kupiga," nikasema.

Wanawe walimwachia Kuany wakanigeukia. Niliuweka mkono wangu juu ya fuawe kabla hawajanishika. Nilimtazama Kuany, fundi pekee aliyeijua kazi yangu, nikitumaini atanitetea. Aliukumbatia mkono wake uliopondeka, akanyamaza kama nilivyonyamaza mimi, na Lokiru akainua nyundo.