Machicha ya Giza

Haya niliambiwa na mjukuu wangu Kope, wiki ile niliyotolewa mtoto wa jicho. Nilikuwa nimelala chumbani kwangu, jicho la kulia limefunikwa pamba na plasta, la kushoto zima. Kope alikuja kukaa nami mchana kwa sababu dawa ya matone ilitakiwa kila baada ya saa mbili, na mkono wangu unatetemeka. Nikijitilia mwenyewe, dawa yote inaishia sikioni. Siku ya tatu, baada ya tone la saa saba, akasema, "Bibi, nikwambie kitu, lakini usinicheke." Nikamwambia mimi nikicheka jicho linauma, kwa hiyo aseme tu.

Kope ni mtoto wa binti yangu. Jina hilo alilipata siku ya kuzaliwa, maana alitoka na kope ndefu mpaka mkunga akaita wenzake waje kuona. Anafanya kazi studio ya picha. Watu humpelekea picha za zamani zilizoliwa na unyevu, baba wa mtu amesimama kivulini, hujui kama ule ni uso au ni doa. Naye anaiingiza picha kwenye kompyuta, anavuta huku, anapunguza kule, mpaka baba anatokea na pua yake. Nimeshuhudia mtu mzima na ndevu zake akilia pale kaunta.

Mwingine ni Popo, mtoto wa mwanangu wa kiume. Yeye ni fundi cherehani, na duka lake linatazamana na studio, barabara tu ndiyo inawatenganisha. Tangu mdogo, umeme ukikatika wenzake wakaanza kulia, Popo ndiye aliyekuwa akitumwa stoo kuleta kiberiti. Anakwenda na kurudi bila kugonga hata kiti.

Hawa wawili wamelelewa pamoja na kugombana pamoja, Kope kamzidi mwenziwe miezi minne tu. Kwa miaka mitatu walikuwa wakicheza mchezo mmoja wa kwenye mtandao, saa ya mapumziko ya mchana, kila mtu dukani kwake. Wanauita Jumba. Ni nyumba ya vyumba arobaini yenye giza tupu. Wachezaji wawili wanaingia, kila mmoja kwa mlango wake, na atakayemgusa mwenziwe begani ndiye mshindi. Basi, ni hivyo tu. Giza ni lile lile kwa wote, ila unasikia: ubao umelia, mlango umesogea, mtu amepumua.

Popo alikuwa hashindiki. Anaingia chumba chochote, anageukia ukuta, anasimama, anasikiliza. Kope atapapasa weee, mara bega limeguswa.

"Umekufa, mtoto wa shangazi!" Popo atapaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara.

"Hata kufa nimechoka," Kope atajibu.

Na kweli alichoka. Aliniambia mwenyewe kwamba kila alipokwenda yeye alikuwa "yule binamu yake Popo". Siku moja akachukua kile kifaa chake cha kung'arisha picha za marehemu akakiweka juu ya mchezo. Wenyewe wanakiita chujio. Hakigusi mchezo, kinabadilisha unavyouona tu: penye giza panakuwa kijivu, penye kijivu panakuwa peupe.

Mara ya kwanza alimkuta Popo chumba cha tisa, amegeukia ukuta kama mwanafunzi aliyepewa adhabu, mikono inaning'inia. Kope alisimama nyuma yake muda mrefu akimwangalia.

"Alinitia huruma, Bibi."

"Halafu?"

"Halafu nikamgusa."

Popo aliposhindwa mara ya tatu mfululizo alivuka barabara, utepe wa kupimia shingoni, akaingia studio mbele ya wateja.

"Umeweka nini?"

"Chujio."

"La chai?"

"La giza. Nenda katafute lako, halijakatazwa popote."

"Silitaki. Ule mchezo ni giza lenyewe. Ukilitoa tunabaki kucheza nini, kutembea?"

"Wewe una masikio ya sungura, mimi sina. Nami nimekuja na nilichonacho."

"Masikio nimezaliwa nayo."

"Na Bibi je, akivaa miwani anamwibia nani?"

"Bibi anatafuta sindano yake. Wewe unanitafuta mimi. Hicho chako si kioo cha kuonea, ni kioo cha kunionea."

Wateja walicheka, na wao wenyewe wakacheka. Popo akarudi kwenye cherehani yake. Hakumsema tena.

Jumapili yake Kope alikuja kwangu akanieleza mambo ya chujio, nami nilikuwa jikoni nachuja chai. Nikamuuliza, "Na machicha mnatupa wapi?"

"Machicha gani, Bibi?"

"Ya giza. Mimi hapa nimechuja chai, haya majani lazima yaende mahali."

Alicheka mpaka akapaliwa. Nami sikuwa na maana yoyote, nilikuwa nauliza tu.

Wiki hiyo hiyo Popo alianza kulalamikia umeme. "Kwako upo?" atauliza kutoka mlangoni. Upo. "Mbona kwangu unafifia?" Kope akitazama anaiona taa ya dukani kwa Popo inawaka vizuri. Halafu Popo akashona kifungo cheusi kwenye shati jeupe la mtu, shati likarudishwa. Halafu akashindwa kutunga uzi. Alilamba ncha, akaisogeza, ikapita pembeni ya tundu, akalamba tena. Alikwenda kupimwa. Daktari akammulika, akamsomesha herufi, akamwambia macho yako mazima kuliko yangu.

Kope hakuunganisha mambo hayo, au hakutaka. Mpaka mchana mmoja alipokuwa akifanya mazoezi ya Jumba na watu asiowajua, chujio limewashwa, akainua macho dirishani. Jua lilikuwa kali, barabara inameremeta. Lakini ndani ya duka la Popo giza lilikuwa linapanda. Lilianzia chini ya meza, likafunika kanyagio la cherehani, likafika magotini kwa Popo, kama maji yanavyojaa kwenye beseni. Taa juu ilikuwa inawaka. Wapita njia hawakugeuka. Popo akasimama, mikono mbele, akaanza kuutafuta mlango wa duka lake mwenyewe.

Kope akazima chujio. Lile giza likashuka, ila halikwisha. Likabaki tabaka sakafuni, kama yale yanayobaki chini ya kikombe.

"Ukafanyaje?" nikamuuliza.

"Nikajiambia ni kivuli cha lori."

"Kulikuwa na lori?"

"Hapakuwa na lori, Bibi."

Na hakuacha. Zilikuwa zimebaki siku nane kufika fainali ya mashindano ya Jumba waliyojiandikisha wote wawili, na waliofika fainali ni wao wawili. Mshindi angesafiri kwenda kucheza na wa nchi nyingine. Alijiambia ashinde hiyo moja tu, halafu alifute chujio.

Fainali ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, katika ukumbi wa shule, madirisha makubwa pande zote mbili. Popo hakuweza kuja peke yake. Kope ndiye aliyemfuata nyumbani na kumshika mkono njia nzima.

"Taratibu, mtoto wa shangazi," Popo alimwambia. "Leo jua limegoma."

"Kuna ngazi tatu hapa."

"Ungenambia zamani kama una roho nzuri hivi, ningekuacha ushinde hata mara moja."

Kope alinisimulia hayo akiwa ameangalia chupa ya dawa, si mimi.

Mwamuzi alikuwa mama mmoja mnene, mwalimu wa pale shuleni, filimbi shingoni ingawa mchezo wenyewe hauhitaji filimbi. Alikuwa na fomu, akawasomea: "Je, mchezaji ana kifaa cha kuonea?"

"Mimi niandikie ninacho cha kuonewa," Popo akasema, na ukumbi ukaangua kicheko.

Kope akasema anacho, akaeleza ni nini. Hakuficha. Alitamani, aliniambia, yule mama amkatalie, amwondolee mzigo. Mama akapekua karatasi zake mbele na nyuma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Kanuni haikatazi," akasema. "Haijaruhusu pia, imekaa kimya. Kwa hiyo hilo ni la kwako, binti. Kaeni."

Wakakaa, meza mbili zinatazamana, vioo vya kompyuta zao vimepeana mgongo, spika masikioni. Kope akawasha chujio. Jumba lote likawa jeupe, jeupe la mfupa uliokaa juani. Hakukuwa na kona hata moja ya kujificha mtu. Akapita chumba baada ya chumba. Chumba cha thelathini na moja akamkuta Popo.

Safari hii hakuwa amegeukia ukuta. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, anamtazama Kope moja kwa moja, mikono mbele.

Kope akainua macho juu ya kioo kumtazama Popo wa kweli. Jua lilikuwa limejaa ukumbini, vumbi linaonekana likielea. Pale kwenye kiti cha Popo giza lilikuwa limefika kifuani. Lilikuwa limetulia tuli, halina wimbi. Likafika shingoni. Mtu mmoja safu ya mbele alikuwa anapiga miayo, jirani yake anajikuna kisigino. Hakuna aliyeona chochote. Likafika kidevuni.

"Kope," Popo akaita. Hakusema mtoto wa shangazi. "Wamezima taa?"

"Hawajazima."

"Basi nimekwisha," akasema polepole. "Nitashona nini mimi?"

Ilibaki hatua kumi kulifikia bega lake kule Jumbani. Kope alizihesabu. Nane. Sita. Popo wa mle ndani hakusogea. Tatu. Na hapo, anasema, akanisikia mimi jikoni nikiligonga chujio la chai kwenye ukingo wa ndoo, nikiuliza machicha mnatupa wapi. Mwaka mzima hajawahi kunisikiliza, siku hiyo akanisikia nikiwa sipo.

Akazima chujio.

Giza likarudi kwenye kioo, na halikuishia kwenye kioo. Lilivuka ukingo, likapita juu ya vitufe, likamfunika vidole, viganja, viwiko. Lilikuwa la baridi na lina uzito, kama shuka zito lililoloweshwa. Likafika machoni. Kope alitaka kusimama akaona hajui sakafu iko wapi. Basi akakaa. Akafanya alichokuwa akikifanya Popo miaka yote: akasikiliza. Ubao ukalia nyuma yake. Mtu akapumua. Mkono ukamgusa begani, na mpaka leo hajui kama ni bega la mle Jumbani au ni hili lake. Alinionyesha. La kushoto.

"Umekufa, mtoto wa shangazi!" Popo akapiga kelele, na sauti yake ilikuwa ile ya ng'ambo ya barabara. "We! Mbona humu ndani kuna jua hivi?"

Watu walipiga makofi. Kope alisikia makofi kabla hajaona mikono. Mwanga ulimrudia kidogo kidogo, mpaka jioni.

Popo siku hizi anatunga uzi mara moja tu, tena anajisifu. Anadhani alikuwa amechoka kwa kushona usiku. Mwezi ujao anasafiri kwenda kucheza. Kope hajamwambia, na amenikataza nisimwambie, kwa hiyo nyie mlionisoma mfunge midomo.

"Na machicha?" nikamuuliza.

"Yapo kwangu."

"Wapi?"

"Chini ya meza. Ni eneo kama la mkeka wa mtu mmoja. Taa haifiki. Nikipitisha ufagio unatoka wa baridi."

"Mbona huyatoi nje?"

"Nikiyatoa nje yataingia kwa nani, Bibi? Nimeyachuja mwenyewe." Akajinyoosha kwenye mkeka kando ya kitanda changu, mikono chini ya kichwa. Nilifikiri amemaliza. Mara akasema, sauti imeshaanza kuwa nzito, "Bibi, na mtoto wako wa jicho. Daktari alimtupa wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Nikamkumbuka mama mmoja pale hospitali. Hakuwa mgonjwa, alikuja kumsindikiza mumewe, tukapiga soga vizuri kabla sijaitwa ndani. Alinisomea hata maandishi madogo ya ukutani. Niliporudishwa kwenye benchi nikiwa na plasta yangu, yule mama alikuwa anafuta macho kwa ncha ya khanga, anafuta tena, anamuuliza muuguzi mbona kumeingia ukungu.

"Sijui," nikamwambia Kope. "Sikuuliza."

Alikuwa ameshapitiwa na usingizi. Nililala chali nikimsikiliza anavyopumua, na jicho langu la kushoto likitazama pembe ya chumba, pale nyuma ya kabati ambapo jua la mchana huwa linafika. Saa tisa ikagonga, dawa ikapita bila mtu wa kuitia. Nikangoja nione kama jua litafika. Halafu, kabla sijajua, nikalifumba na hilo la kushoto, nikalala.