Mtaa Uliokatazwa Pole

Ukipatwa na mafua Katandala asubuhi, hadi adhuhuri utakuwa umekusanya pole za kujaza gunia. Watu wa mtaa ule hawana baya, ila kwa pole wamezidi. Kuna pole ya safari, pole ya kazi, pole ya baridi, na ukikutwa hujafanya lolote utapewa pole ya kukaa. Kinara wao alikuwa Kulsumu, mwenye duka la vitenge pale kijiwe cha bodaboda. Sasa fikiri ilikuwaje mtoto wake mwenyewe alipopasuliwa.

Mtoto huyo ni Maulida, wa darasa la tatu, mbishi asiyekubali kushindwa, bingwa wa rede mtaa mzima, ule mchezo wa kujaza mchanga kwenye chupa huku ukikwepa mpira, na ukiguswa unatoka. Tangu azaliwe kitovu chake kilikuwa kimetokeza, na madaktari wakasema hiyo ni ngiri, afadhali izibwe mapema. Ilikuwa masika. Alipasuliwa asubuhi, jioni yuko kwao kitandani anakunywa uji wa ulezi. Kidonda kikafunga vizuri, kikaacha kovu la kama ukucha, na akaruhusiwa kurudi kucheza.

Hakurudi. Kila akiinuka alishika tumbo, na akitembea aliinama kama bibi kizee anayetafuta sindano. Wenzake wakicheza rede, yeye alikaa pembeni na kuwatazama. Usiku aliamka akilia. Wazazi walimrudisha hospitali, akapimwa, akapigwa picha, hakikuonekana kitu. Masika yakaisha, kipupwe kikaingia na ule upepo wake usioheshimu hata sweta mbili, na mtoto bado kashika tumbo. Kulsumu akaanza kuogopa kwamba yule bingwa wake wa rede ndiyo basi tena, amempoteza mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Na pole hazikukauka. Ng'ambo ya njia aliishi Bibi Bertilla, Mfipa wa watu, anayeuza karanga na ulezi kwa kopo. Yeye alimwita Maulida mke mwenza, kama bibi anavyomtania mjukuu.

"Mke mwenzangu, pole. Linauma leo?"

"Linauma, bibi."

Hapo anamiminiwa karanga. Meshack wa bodaboda, pole. Muuza chipsi, pole. Na kabla ya wote hao, hata jua halijachomoza vizuri, Kulsumu mwenyewe ameshainua blanketi: "Pole mwanangu. Limeamkaje?"

Mumewe, Rahim, anayeendesha lori la mahindi kutoka Msanzi, ndiye aliyechoka kwanza. "Mama Maulida," alisema, "twende tukamwone daktari wa watoto. Tukibaki hivi tutazeeka tunauliza habari za tumbo."

Daktari aliitwa Jenifa, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Hakuanza na tumbo. Alianza na rede: nani anarusha kwa nguvu, nani anaiba. Maulida akachangamka, akamtaja Monika, mjukuu wa Bibi Bertilla, kwamba anarusha kama ana ugomvi na mtu. Ndipo daktari akamuuliza, "Na siku ile ya kupasuliwa, uliona nini?"

Maulida akachezea kifungo cha sweta. "Mama aliniambia tunakwenda kumwona mtoto wa shangazi. Tukafika, nikavuliwa nguo. Halafu mama akalia mlangoni. Mama huwa halii. Nikajua sirudi tena."

Kulsumu alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa amemdanganya ili asimtie hofu, na yale machozi alidhani mtoto hakuyaona.

"Maumivu yake ni ya kweli," daktari aliwaambia, "msije mkasema anajifanya. Kidonda kimepona, hofu ndiyo bado. Mlinzi akishaibiwa mara moja, hata paka akipita anapuliza filimbi. Na ninyi kila asubuhi mnamwendea: wezi wako wapi?"

Rahim akacheka, akatazamwa na mkewe, akaacha.

"Basi tufanyeje, daktari?"

"Mwambieni ukweli siku zote, hata ukiwa mchungu. Mrudisheni kwenye michezo kidogo kidogo. Akisema linauma, msikilizeni, mshikeni mkono, kisha endeleeni na mlichokuwa mnafanya. Lakini msimuulize. Na hizo pole, mzipunguze."

Walipotoka, Kulsumu aliketi na mwanawe kwenye benchi. "Nilikudanganya, Maulida. Sitakudanganya tena. Nililia kwa sababu niliogopa mimi, si kwa sababu wewe ulikuwa unakufa."

Maulida akafikiri. "Kwa hiyo shangazi hana mtoto?"

"Hana."

"Nilijua," akasema, na akaomba anunuliwe soda.

Kazi ikabaki kwa mtaa. Kulsumu alipita nyumba kwa nyumba kuwaomba majirani wasimpe mwanawe pole. Hilo halijapata kuombwa Katandala. Kuna waliodhani anajisikia, kuna waliodhani kachanganyikiwa. Bibi Bertilla aliweka kopo chini kabisa.

"Yaani mtoto apite na maumivu yake, mimi nimtazame kama mbuzi? Watu si watasema tumegombana?"

"Shikamoo bibi, usikasirike. Hata dawa ikizidi inadhuru."

"Marahaba. Nyie watu wa madukani mna mambo." Akanuna, siku hiyo hakumsalimu mtu. Kesho yake alimwita Kulsumu. "Haya, pole nimeacha. Sasa nimwambie nini huyo mtoto?"

"Mtanie tu, bibi."

Kwa hilo alikuwa fundi. Maulida alipopita ameinama, bibi akapaza sauti, "Mke mwenza, hebu nyoosha mgongo. Mzee akituona wote tumepinda atashindwa kujua mke mkubwa ni yupi." Maulida alijaribu kununa, akashindwa, akacheka huku kashika tumbo. Meshack naye siku ya kwanza alijisahau, akaanza, "Po…" akaikumbuka amri, akamalizia, "poa dogo?" Mtaa ukawa na shughuli mpya ya kufurahisha.

Haikuwa rahisi hata hivyo. Siku za mwanzo Maulida aliitafuta pole kama mtu aliyekuta duka limefungwa. Jioni moja alilia sana. Kulsumu akamshika mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaendelea kuchambua maharage, akimsimulia habari za mteja aliyerudisha kitenge baada ya kukivaa harusini. Mtoto akanyamaza akitaka kujua mwisho wake. Wiki ile ile akaomba awashikie wenzake chupa ya mchanga. Baadaye akaanza kurusha mpira. Aliyeteseka zaidi ni mama yake, ambaye kila asubuhi aling'ata upande wa kanga ili asiulize.

Jumamosi moja, upepo ukiwa umetulia, Maulida aliingia katikati. Kulsumu alikuwa akimkatia mteja kitenge, akaona, akasimamisha mkasi. Mpira wa soksi ukaenda, ukarudi. Maulida akaukwepa, akajaza mchanga, akaukwepa tena, polepole mwanzoni, kisha kwa maringo yake ya zamani. Ndipo Monika akavuta mkono hadi nyuma na kuurusha mpira. Ukatua tumboni, pale pale kwenye kovu. Pu.

Mtaa mzima ukasimama. Bibi Bertilla alibaki na kopo la ulezi hewani. Maulida akaweka mkono tumboni, akageuka kumtazama mama yake.

Kulsumu alihisi pole imefika kwenye meno. Akaimeza. Hakulia, hakukimbia. Alimtazama mwanawe machoni, kisha akaendelea kukata kitenge, na akakikata upogo.

"Toka," Monika alisema. "Umeguswa."

Maulida akauondoa mkono tumboni, akaupeleka kiunoni. "Nani kaguswa? Umepita upepo tu."

"Mpira umelia pu."

"Umelia kwenye sweta. Sweta siyo mimi."

"Bibi, si umeona?"

"Macho yangu ya kizee," alisema Bibi Bertilla. "Sikuona kitu."

Monika akageukia dukani. "Mama Maulida, je?"

Kulsumu alikuwa amekalia majora ya vitenge, anacheka hadi machozi, furaha imemjaa hana pa kuiweka. Wakati huo angempa mwanawe lolote duniani. Lakini ahadi ni ahadi.

"Ameguswa," alisema. "Toka, mwanangu."

Maulida akatoka, lakini si kimya. Alikwenda akikanyaga kwa vishindo, mgongo umenyooka, mikono yote miwili juu, akiutangazia mtaa mzima kwamba mama yake mzazi anamwonea.